Ulimi wa Panda ya Kumi na Nne

Chini ya jengo letu, Česká Třebová,
kati ya makaa ya mawe ya Zbyněk
na chupa zangu za matango ya siki,
nimelaza mlango mkuukuu juu ya mapipa mawili,
na juu ya mlango nimetandika stesheni
niliyoitumikia miaka thelathini na mmoja.
Reli zake hazifiki upana wa kidole gumba.
Behewa zima linaingia mfuko wa aproni.

Panda ziko ishirini na tano.
Kila panda ina ulimi wake,
na huu si ule ulimi usio na mfupa:
huu ni mfupa mtupu, mwembamba kama wembe,
na ukiegemea kushoto treni haibishi,
ukiegemea kulia haibishi.

Zbyněk, fundi wa redio tangu zama za valvu,
alinifunza kulehemu nina miaka sitini na minane.
"Usiiyeyushe risasi kwa pasi," alisema.
"Pasha waya. Waya utaikaribisha wenyewe."
Nikaunguza vidole viwili na kitambaa cha meza.
Nikaweka diodi kinyumenyume, ikanuka kama unyoya motoni.
Hadi jioni moja kapasita ikaunywa umeme polepole,
ikaushika, ikangoja,
na nilipobonyeza ikautema wote kwa mkupuo:
koili ikavuta, ulimi ukaruka. Tak!
Taa ya kijani ikawaka.
"Basi," akasema Zbyněk, "bado ishirini na nne."

Nikasema hata hii hatujaimaliza.
Taa hiyo imewashwa na kitufe.
Inasema nilichoamuru. Haijui kilichotendeka.

Akaniuliza, tofauti ni nini,
humu, kwenye matango?

Januari, mwaka themanini na saba, saa tisa usiku,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Nilivuta wenzo wa kumi na nne
na taa ikawaka ubaoni, kijani, safi,
kama mtu anayekukazia macho akisema uongo.
Nje, donge la barafu,
si kubwa kuliko yai la kware,
lilikuwa limekaa kati ya ulimi na reli.
Niliruhusu mabehewa sita ya saruji.
Oldřich Macháček alikuwa kwenye kidato cha behewa la mbele,
kandili mkononi, akipiga mluzi.

Tume iliandika: hali ya hewa.
Mimi waliniachia kazi.
Yeye hawakumwachia mguu.

Kwa hiyo nilikata kipande cha shaba,
kidogo kama kucha ya mtoto,
nikakilehemu ubavuni mwa reli,
pale ulimi unapolala ukimaliza safari yake.
Ukigusa, saketi inakamilika, taa inawaka.
Usipogusa, giza,
hata nikibonyeza mpaka kidole kiote sugu.
Wiki tatu. Rizista kumi na moja zilikufa.

Alhamisi Oldřich alishuka, fimbo ikimtangulia,
ngazi kumi na mbili. Nilizihesabu zote, kama kila mara.
Sikumweleza kitu.
Alikaa, akala tango,
akaufuata kwa macho waya mwekundu uendao
na mweusi urudio.
Kisha akatoa njiti ya kiberiti mfukoni,
akaipachika, taratibu, kati ya ulimi na reli.
Ya kumi na nne. Hakuuliza ni ipi.

Akabonyeza. Tak.
Taa haikuwaka.
Akabonyeza tena. Tak. Giza.
Zbyněk alifungua kinywa, nikamkanyaga.

Oldřich akaichomoa njiti, akaipuliza,
sijui alipuliza nini, haikuwa na moto,
akairudisha mfukoni.
Akabonyeza.
Kijani kikamwagika kwenye kucha zake.

Alikaa pale muda mrefu,
kushoto, kulia, kushoto,
mpaka koili ikapata joto
na transfoma ikaanza kunung'unika.

"Na hii ya kumi na tano," akasema hatimaye,
"mbona haina waya?"

Nikampa pasi.
"Pasha waya kwanza," nikamwambia.